Jumamosi Kwangu Hakuna Mtu

Mliponiomba kwenye mkutano wa jumuiya niwaandikie habari za kazi yangu, nilicheka, maana nilidhani mnataka kusikia jinsi nilivyopanda cheo. Sikupanda. Niliingia kiwandani mfungaji wa dashibodi, nikatoka mfungaji wa dashibodi, na mshahara wangu ni siri yangu na benki. Lakini ninyi mnaofanya kazi kwenye maghala ya Anderlecht na kwenye gereji za mabasi, kuna mambo ambayo hakuna kozi itakayowafundisha, na mimi sasa nina muda mwingi kuliko ninavyoweza kuutumia. Nitaandika kwa Kiswahili cha Tanga. Atakayechoka na anivumilie.

Nilifika Brussels nikiwa mke wa dereva wa ubalozi. Tulikaa Uccle, nyumba ya uani, kwenye mtaa wenye miti mizuri na majirani ambao hawakuwa na desturi ya kusalimia. Mume wangu alipofariki, mimi na binti yetu Rehema tulihamia Anderlecht, ghorofa ya tatu kwenye jengo la manispaa, kwa sababu huko kodi ya nyumba ilikuwa ya binadamu. Wakala wa vibarua akanipeleka kwenye kiwanda cha magari kilichokuwa kando ya mfereji. Kimeshafungwa, na jina lake halitawafaa kitu.

Siku ya kwanza hakuna aliyeniambia kwamba sakafu inatembea. Magari hayasimami yakusubiri. Yanakuja taratibu juu ya mstari, na wewe unatembea nayo huku unafunga, halafu unarudi nyuma kulipokea jingine. Nilirudi nyumbani jioni ile, nikasimama jikoni kukaanga vitunguu, jiko likaanza kutembea. Nilishika ukuta. Rehema akaniuliza kama ninaumwa, nikamwambia hapana, ni kazi tu inanifuata. Ninyi mtakaoanza kazi ya mstari, kaeni chini mle kwanza kabla ya kupika. Siku chache tu hali hiyo inakwisha.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Papa Ilunga, Mkongomani wa Lubumbashi, mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kwaya. Dashibodi hufungwa na watu wawili: mmoja amesimama kwenye mlango wa kushoto wa gari, mwingine kwenye mlango wa kulia. Mkono wa mashine unaibeba na kuingiza ndani, lakini mwisho lazima wawili waiinue kidogo kwa mikono, kwa pamoja, ikae kwenye vishikio vyake. Mmoja akiinua kabla ya mwenzake, kuna kidole kitabaki kati ya chuma na chuma. Papa Ilunga alinionyesha kidole chake kisicho na ukucha kabla hajanionyesha kitu kingine chochote.

"Maman, sikia," aliniambia. "Mbele ya kubeba, mimi nitauliza: uko? Wewe utajibu: niko. Kama haujajibu, hakuna muntu anabeba. Hata chef wa kazi akipiga makelele. D'accord?"

"Sawa," nikasema.

"Hapana sawa. Uko?"

"Niko."

"Voilà. Sasa unajua kazi."

Basi ndivyo tulivyofanya kazi miaka yote ile. Yeye kushoto, mimi kulia, tunaonana kupitia tumbo la gari. Kila gari, uko, niko. Kiwandani watu walizungumza Kifaransa, Kiholanzi, Kiarabu, Kituruki, na Kiswahili kilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya gari lisilo na viti, kati yangu na mtu yule. Nilimcheka kwa ajili ya "muntu" na "mutoto" zake. Naye alinijibu kwamba Kiswahili changu kimepigwa pasi mpaka kimeungua. Alinisimulia ndoa zote za ukoo wake, nami nikawa ninajua shemeji gani wa Likasi hamsalimii nani, watu ambao sijawahi kuwaona mpaka leo.

Niseme na habari za vifaa, maana mliomba habari za kazi. Mashine ya kufungia boliti ina taa: kijani ni sawa, nyekundu rudia. Msiiamini taa peke yake. Boliti iliyoingia upande inaweza kukupa kijani leo, na mwenye gari akasikia mlio barabarani mwakani. Papa Ilunga alinifundisha kukata ncha ya glavu kwenye kidole cha shahada, ili kidole chenyewe kianze kuzungusha boliti kabla ya mashine. Ilikatazwa. Mkaguzi wa usalama akipita, tulikuwa tunakunja kidole kama wanafunzi wenye wino mikononi. Katika miaka yote sisi wawili hatukurudishiwa gari hata moja kwa ajili ya boliti, na hilo nalisema kwa majivuno, anayetaka kukasirika akasirike.

Kila Ijumaa, tukivua glavu, Papa Ilunga alisema lile lile: "Maman Mwanaidi, kesho ni samedi. Bibi yangu anapika. Kuya tu." Bibi kwao ni mke, na kuya ni njoo. Nami nilijibu asante, Mungu akipenda. Sikwenda. Kwetu karibu ya njiani ni adabu, haimpeleki mtu kwenye sahani ya watu. Anayekutaka kweli atakutumia mtoto akuite, au atakwambia njoo kesho saa saba, nawe utakataa mara mbili ndipo ukubali. Nilimwona Papa Ilunga muungwana kwa kunikaribisha kila wiki, na mimi nikajiona muungwana kwa kutomsumbua.

Rehema akaolewa, akaenda Kanada. Wapo wanaosema upweke ni kukosa watu. Mimi watu nilikuwa nao, tele, kiwanda kizima. Ila Ijumaa jioni nilishuka kwenye metro, nikapanda ngazi, nikafunga mlango, na sauti yangu mara nyingi sikuisikia tena mpaka Jumatatu asubuhi nilipoulizwa kama niko. Jumamosi nilikuwa ninafua hata nguo safi.

Kisha wenye kiwanda, ambao walikaa nchi nyingine, wakatangaza kwamba kinapata hasara. Serikali ikasema italeta msaada kukiokoa, lakini wafanyakazi nao watoe chao: tufanye kazi Jumamosi, tupunguze mapumziko, na chama cha wafanyakazi kiahidi kutogoma kwa muda. Ghafla nchi nzima ikawa na maoni juu yetu. Redio asubuhi, televisheni jioni, kwenye duka la mikate, kwenye metro. Hawa wanasema serikali haina kazi ya kununulia matajiri viwanda. Wale wanasema mafundi wakifukuzwa hawarudi tena. Wengine wanasema yote haya yameletwa na vyama vya wafanyakazi vinavyodai kila kitu. Mimi niliyekuwa ninafunga dashibodi sikujua kwamba nimekuwa mzigo wa taifa.

Jumapili moja nilikwenda soko la Gare du Midi na Papa Ilunga, kununua mboga. Muuzaji wetu wa sombe, yaani kisamvu, Maman Charlotte, alituona tu sisi watu wa kiwanda akaweka mikono kiunoni.

"Bâ usine bamefika! Munakula makodi yetu. Mimi biashara yangu ikianguka, gouvernement itanipatia nini? Rien!"

"Maman Charlotte," Papa Ilunga akasema kwa upole wake, "usine ikikufa, nani atalipa chômage ya batu yote ile benye hawana kazi? Ni wewe. Donc utalipa tu. Bora ulipe muntu mwenye anatumika kazi."

"Basi mutumike samedi! Mimi ninatumika mpaka dimanche, unaniona hapa."

"Samedi hapana."

"Unaona? Ni syndicat, chama yenu, njo inaua usine."

Nilidhani atacheka, kama kawaida yake. Hakucheka. Alikuwa mjumbe wa chama, amechaguliwa na watu, na jambo hili lilikuwa limemkaa rohoni. Tukiwa tumebeba mifuko aliniambia habari za baba yake, aliyekuwa fundi kwenye machimbo ya shaba. "Balimuambia, kubali hii kidogo, utabakia na kazi. Akakubali. Balimuambia, kubali na hii ingine. Akakubali tena. Mwisho hawakumuuliza kitu, balimutosha inje ya kazi. Mimi, Maman, ile ya kwanza njo nitakatala."

Nilimwelewa. Lakini nami niliwaza yangu. Nilikuwa mjane, umri umekwenda, na hakuna kiwanda kingine kitakachonipokea. Nilimwambia palepale kwamba nitapiga kura ya ndiyo. Yeye akasema bon, kila muntu na kichwa yake, akanibebea mfuko wa viazi mpaka kwenye metro.

Sasa nifike kwenye mvua. Juma la kura, waandishi wa habari walijaa langoni. Nikitoka zamu nikamkuta binti mmoja na kipaza sauti, hana mwavuli, amelowa mpaka kope. Wenzangu wote walimpita kama nguzo. Mimi mtoto wa Tanga nimelelewa kwamba mtu akikuuliza umjibu, na akilowa umkinge. Nikamwingiza chini ya mwavuli wangu. Akaniuliza kwa Kifaransa, bibi, unaweza kufanya kazi Jumamosi? Nikamjibu kwa Kifaransa changu, naam, mimi naweza, Jumamosi kwangu hakuna mtu. Tukazungumza mengi mengine. Nilimwambia kwamba wenye watoto haki yao ni kupumzika, na kwamba chama chetu si adui wa kiwanda. Nilimwambia na habari za glavu.

Jioni televisheni ilionyesha sentensi moja. Mnaijua ni ipi. Kesho yake mwanasiasa mmoja akaitaja kwenye mjadala, akasema tumsikilize yule mama, wafanyakazi wa kweli wanataka kazi, ni chama kinachowazuia. Keshokutwa yake karatasi ya chama ikasema kwamba kuna wanaowasemea matajiri wakiwa wamevaa ovaroli. Kila upande ulikuwa umeshika kipande cha upweke wangu, unampigia mwenzake. Kiwandani nikapewa jina, Madame Samedi.

Kura ya ndiyo ikashinda kwa wachache. Jumatatu nilisimama mlango wa kulia. Papa Ilunga akaja mlango wa kushoto, akavaa glavu, hakunisalimu. Gari likafika, mkono wa mashine ukaingiza dashibodi. Nikangoja sauti. Akagonga bati mara mbili kwa kifundo cha kidole, ko ko, akaniangalia mikono. Nikaelewa kwamba huko ndiko kuulizwa kwangu kuanzia siku hiyo. Nikainua.

Nilijaribu. Nilimpelekea maandazi, akayaweka mezani kwa wote. Nilimsimamisha kwenye kabati za nguo nikamwambia kwamba walinikata maneno, akasema, "Najua, Maman, televisheni ni televisheni," akaenda zake. Nikajua amenihukumu kwa kura. Mjumbe amepigania Jumamosi za watu, na rafiki yake ndiye amekuwa jina la Jumamosi yenyewe. Ningekuwa yeye ningenuna vilevile, ingawa si kwa muda mrefu namna ile.

Basi tukafanya kazi Jumamosi. Niliyaomba mwenyewe hayo mbele ya nchi, nikayapata: watu wamenizunguka, na hakuna anayesema nami. Ko ko, inua. Ko ko, inua. Magari yale yalitoka salama, boliti zote zimekaa, kwa kuwa mikono yetu haikugombana. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nilikuwa ninashuka kwenye metro ninalia, natazama kioo cha dirisha ili watu wadhani ninatazama nje, na metro iko chini ya ardhi.

Ninyi mnaotaka kujua nani alikuwa sahihi katika mjadala ule, mimi siwezi kuwaambia. Serikali ilitoa msaada, sisi tukatoa Jumamosi zetu, na kiwanda kikaishi miaka michache ambayo bila hayo pengine kisingeishi. Watu walisomesha watoto kwa miaka ile. Kisha wenye kiwanda wakapeleka utengenezaji wa gari jipya kwenye nchi nyingine, wakatuambia hakuna tena kazi, kama yaliyompata baba yake Papa Ilunga. Maman Charlotte aliniona sokoni akanipa fungu la sombe bila kulipia, hakusema neno juu ya kodi. Naamini ningepiga kura ile ile tena.

Siku ya mwisho watu walikumbatiana na kupiga picha. Gari letu la mwisho lilikuwa la kijivu. Papa Ilunga akagonga ko ko, nikainua, taa ikawa kijani. Akavua glavu, akazunguka gari zima kwa mbele, akanipa mkono. Nilingoja aseme neno. Akasema, "Merci, Maman," akaondoka na wajumbe wenzake.

Kustaafu hakuna mstari, na sakafu haitembei. Miezi ile ya kwanza nilikuwa naamka saa ya zamu, nanywa chai, nakaa. Rehema hupiga simu Jumapili. Siku moja kwenye duka nilisaidiwa kunyanyua gunia la mchele na kijana Mbelgiji, nikamuuliza "Uko?" kabla sijajizuia. Akasema pardon. Nikasema si kitu.

Kisha ikapigwa simu Jumamosi. Alikuwa mke wa Papa Ilunga, Maman Béatrice, ambaye nilikuwa nimekutana naye mara mbili tu, misibani. Akasema wao wanarudi Lubumbashi moja kwa moja, nyumba imeshakwisha kujengwa, na Papa amesema meza ya chakula ni ya Maman Mwanaidi. Nikauliza, meza? Akasema, "Ndiyo. Anakuya nayo sasa."

Alifika na gari la kukodi, dereva akabaki barabarani maana ameegesha vibaya. Meza ilikuwa ya mbao nzito, ya watu wanane, haikuingia kwenye lifti. Ikabidi tuipandishe kwa ngazi, sisi wazee wawili, mimi mbele juu, yeye nyuma chini. Amezeeka, mabega yamepungua. Tukashika. Akagonga mbao mara mbili kwa kifundo cha kidole.

Sikuinua.

Akagonga tena.

"Papa Ilunga," nikasema, "mimi si bati. Ukitaka niinue, niulize."

Akaketi kwenye ngazi, meza kati yetu. Akajifuta jasho.

"Bado unanilaumu kwa kura," nikasema. "Miaka yote hii, kwa kura moja?"

"Kura?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Kura ni kura, Maman. Batu mingi balivota oui, ninabasalimia. Mimi sikukasirika juu ya kura."

"Juu ya nini, basi?"

"Ulisema samedi kwako hakuna muntu. Mbele ya inchi yote. Bibi yangu alikuwa anaangalia televisheni, chakula iko ku meza. Ku ii meza. Kila samedi alikuwa anaweka sahani yako. Toka mwaka ya kwanza! Batoto balikuwa banauliza, hii sahani ni ya nani, tunabaambia ni ya Maman wa kazi, atakuya. Haukukuya. Bon, tulisema, labda iko na famille yake, iko na batu yake. Halafu unasema hauna muntu." Akapiga mbao kwa kiganja. "Na shiye? Shiye si batu yako?"

Nikaketi nami kwenye ngazi. Nilimwambia kwamba nilikuwa nangoja kuitwa. Akasema alikuwa ananiita kila Ijumaa. Nikamwambia kwetu ile si kuita, kwetu unapangiwa siku na saa. Akafikiri, akasema kwao ukimpangia mtu saa ni kama kumwambia siku nyingine asije. Hakuna aliyecheka. Tuliyatazama maneno hayo yalivyokuwa madogo, na miaka iliyokuwa imepita juu yake.

"Ningekuja," nikasema. "Wallahi ningekuja kila wiki."

"Najua sasa," akasema.

Dereva alipiga honi chini. Papa Ilunga akainuka kwa kushika ukuta, akashika upande wake wa meza.

"Bon. Uko?"

Nikatafuta mahali pa kushika. Alingoja, mikono iko tayari, hakuinua, kama alivyonifundisha siku ya kwanza.

"Niko," nikasema.

Waliondoka Jumatano ile. Meza imejaza chumba changu, ninapita kwa ubavu kwenda jikoni. Upande mmoja ina alama ya duara, ya sahani iliyokuwa inawekwa mahali pamoja.

Basi vijana wangu, mliomba ushauri wa kazi, na ushauri ni huu: kateni ncha ya glavu, kuleni kabla ya kupika, msiinue kabla hamjajibiwa. Na Jumamosi ninapika. Anderlecht, ghorofa ya tatu, mlango wa kulia. Sitamtuma mtoto kuwaita, wala sitawapangia saa. Sahani ziko mezani. Njooni tu.